Msiba wa Gombe

Agosti 1972, katika bonde la Kakombe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, sokwe jike mzee aliyeitwa Flo alikutwa kijitoni amekufa. Uzee ulikuwa umemmaliza. Meno yalikuwa yamelika hadi kwenye ufizi, mwili umebaki mifupa, na nguvu za kupanda milima ya Gombe zilikuwa zimekwisha. Mwanawe Flint, dume la miaka minane na nusu, alikaa ukingoni karibu na maiti kwa saa nyingi. Siku ya tatu watafiti walimwona akipanda mti polepole, akapita juu ya tawi, akasimama kukitazama kiota kitupu. Ni kiota alicholala na mama yake siku chache kabla. Alikitazama weee, kisha akageuka, akashuka na kujilaza chini.

Tangu hapo Flint hakuwa na hamu ya kula. Akawakwepa wenzake, akakonda, akaugua. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kujikokota kurudi pale mwili wa Flo ulipokuwa. Hakuondoka tena. Kati ya kifo cha mama na kifo cha mtoto zilipita wiki tatu na nusu hivi.

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliteremka kwenye ufuko wa Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake mzazi, Vanne, na Flo alikuwa miongoni mwa sokwe wa mwanzo kumzoea. Familia yake ilifuatiliwa kwa miaka mingi, tawi kwa tawi, na Mwingereza huyo pamoja na watafiti wenyeji wa mwambao wa Kigoma waliokuwa wakiingia msituni alfajiri na daftari mkononi. Ndiyo maana habari za mwisho wa Flo na Flint zinajulikana kwa siku na kwa mahali. Gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia Flo taazia. Si mawaziri wote wa Afrika waliowahi kupata heshima hiyo.

Kwa miaka zaidi ya 50 kisa hiki kimesimuliwa kama kisa cha mapenzi: mtoto alimpenda mama mno, mama akafa, mtoto akamfuata. Hivyo ndivyo wanavyokisikia hata wageni wanaopanda boti Kibirizi kwenda kuwaona sokwe. Usimulizi huo unawasahau waombolezaji wengine. Flo aliacha watoto wengine wakubwa. Faben, dume aliyepooza mkono mmoja baada ya polio iliyoingia Gombe mwaka 1966, alikuwa hai. Figan alikuwa hai, na mwaka uliofuata alishika ukubwa wa madume wote wa jamii ile. Fifi alikuwa hai, akiwa na mwanawe wa kwanza aliyezaliwa 1971. Watafiti walimpa mtoto huyo jina la Freud, yule mganga wa nafsi wa Vienna. Fifi aliishi hadi mwaka 2004 na akazaa watoto tisa. Mama alikuwa mmoja, kifo kilikuwa kimoja, na aliyeangushwa nacho ni Flint peke yake.

Kwa nini yeye tu? Jibu linapatikana miaka minne nyuma.

Sokwe mtoto huachishwa ziwa akiwa na miaka minne au mitano, na mama anapopata mtoto mwingine yule mkubwa hulazimika kutembea kwa miguu yake na kujitengenezea kiota chake. Flo alipomzaa Flame mwaka 1968, Flint alikataa katakata. Alipiga kelele, akampiga mama yake, akamng'ata, na Flo, ambaye umri ulikuwa umekwenda, hakuwa na nguvu za kushindana naye. Akawa anambeba na kumlaza pamoja na mtoto mchanga. Kisha Flo akaugua, na Flame, akiwa na miezi kama sita, akapotea asionekane tena. Flint akarudi mahali pake pa zamani: mgongoni mwa mama mchana, kiotani mwa mama usiku. Aliendelea hivyo hadi umri ambao sokwe wenzake walikuwa wameanza kuzurura na madume wakubwa. Flo alipokufa, Fifi alikuwa na mwana wa kumlea na Figan alikuwa na ukubwa wa kuugombea. Flint alikuwa na Flo tu.

Sokwe mmoja si ushahidi wa kutosha, tena mgonjwa. Mtu anaweza kusema Flint aliuawa na maradhi, na huzuni ni maneno ya binadamu waliomwonea huruma. Bahati nzuri swali lile lile limeulizwa kwa watu, tena kwa njia ambayo haipatikani mara nyingi. Mwaka 1987 watafiti wa eneo la Detroit, Marekani, walianza kuwahoji watu 1,532 waliokuwa katika ndoa za uzeeni. Waliwauliza kuhusu upendo wao, ugomvi wao, nani anamtegemea nani na kwa lipi. Kisha wakasubiri. Ni utafiti wa ajabu kidogo, wa kusubiri vifo vya watu, lakini ndio uliowezesha kupima ukaribu wakati mwenza yu hai. Mtu akishazika husimulia ndoa yake kwa namna nyingine, maana marehemu hasemwi vibaya.

Mwaka 2002 kundi lililoongozwa na mwanasaikolojia George Bonanno lilichapisha matokeo ya wafiwa 205 waliohojiwa kabla ya kifo, miezi sita baada yake na miezi 18 baada yake. Karibu nusu yao, asilimia 46, walilia na kuumia lakini hawakuanguka. Waliendelea na maisha. Asilimia 16 hivi walikuwa wazima kabla ya msiba, wakaanguka, na mwaka mmoja na nusu baadaye walikuwa bado chini. Kundi hili lilitofautiana na mengine katika jambo moja kubwa: utegemezi. Walikuwa watu ambao, hata kabla ya kufiwa, walihisi hawawezi kusimama bila mwenza wao. Uchambuzi mwingine wa wazee hao hao, wa Deborah Carr na wenzake mwaka 2000, ulionyesha kwamba waliokuwa na ndoa yenye joto na waliotegemeana sana walimtamani marehemu zaidi kuliko wengine, na waliokuwa na ndoa ya magomvi walimtamani kidogo.

Ukaribu, basi, si kitu kimoja. Kuna ukaribu wa mapenzi, ambao huumiza sana mtu anapoondoka lakini humwachia mfiwa kumbukumbu za kujishikiza. Na kuna ukaribu wa nguzo moja, ambapo pesa, maamuzi, marafiki, jina mtaani na hata sababu ya kuamka asubuhi vyote vimening'inia kwa mtu mmoja. Mjane wa Katonga, Kigoma, aliyekuwa akipokea kila shilingi kutoka kwenye mtumbwi wa mumewe amefiwa na mume na mshahara kwa usiku mmoja. Babu ambaye kwa miaka 40 hajawahi kujua chumvi inawekwa wapi amefiwa na mke na nyumba nzima. Ndugu wa marehemu wakija kugawana vyombo kabla kaburi halijakauka, msiba huo unazaa mingine, na huwezi kumshangaa mtu aliyeshindwa kuinuka.

Utaalamu wa tiba ulichukua muda mrefu kukubali kwamba kuna majonzi yanayohitaji mganga. Hofu ilikuwa ya haki: kulia kwa kufiwa si ugonjwa, na daktari anayeandika dawa kila anapoona machozi ni hatari kuliko msiba wenyewe. Lakini Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ikiwa na tatizo la majonzi ya muda mrefu ndani yake. Machi 2022 chama cha madaktari wa akili cha Marekani nacho kiliingiza tatizo hilo kwenye kitabu chake cha vigezo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miezi sita iwe imepita tangu kifo. Wamarekani wanataka miezi 12 kwa mtu mzima, na sita kwa mtoto.

Muda peke yake hautoshi. Kiini cha tatizo ni shauku: mfiwa anamtamani marehemu karibu kila siku, au mawazo yake yamegandia kwake hadi hakuna nafasi ya jambo lingine. Pembeni ya shauku hiyo hupatikana mengine. Anahisi sehemu ya nafsi yake imezikwa. Haamini kwamba mtu amekufa, japo alishika jembe makaburini. Anakwepa njia, nyimbo au watu wanaomkumbusha, au kinyume chake hataki hata shati la marehemu lifuliwe. Ana hasira, au amekufa ganzi. Hawezi kurudi kwenye kazi, ibada wala marafiki. Maisha hayana ladha. Yote hayo yawe yamemzuia kuishi, siyo kumhuzunisha tu.

Hali hii hufanana na sonona na mara nyingine huja nayo, lakini si kitu kimoja. Sonona hufunika kila kitu: mtu hamtaki yeyote, hatamani chochote. Majonzi haya yana mtu mmoja ndani yake. Mfiwa anatamani sana, ila anachokitamani hakipatikani. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Mary-Frances O'Connor na wenzake walipima ubongo wa wanawake waliofiwa na mama au dada zao huku wakitazama picha za marehemu. Wote walionyesha dalili za maumivu. Kwa wale tu ambao majonzi yao yalikuwa hayajapoa, iliwaka pia sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia zawadi, kana kwamba mtu yule bado yu njiani anakuja.

Ni wangapi wanaofika huko? Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria mtu mmoja kati ya 10 miongoni mwa watu wazima waliofiwa kwa vifo vya kawaida. Mwingine wa mwaka 2020, uliohusu vifo vya ghafla na vya ukatili kama ajali, mauaji na maafa, ulipata karibu nusu. Waliopoteza mtoto au mwenza huwa hatarini kuliko wengine. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika Ulaya, Marekani na China, kwa hiyo si busara kuchukua namba zake na kuzibandika Kasulu au Uvinza.

Shirika la Afya Duniani lenyewe limeweka sharti ambalo wasomaji wa Ujiji watalipenda: majonzi yahesabiwe kuwa tatizo pale tu yanapozidi waziwazi mila, dini na utamaduni wa mfiwa. Mjane Mwislamu anayekaa eda miezi minne na siku 10, bila mapambo na bila kutoka ovyo, si mgonjwa. Familia inayosubiri misa ya mwaka mzima ndipo ihesabu msiba umekwisha si wagonjwa. Mila zetu zilijua kuhesabu siku kabla ya vitabu vya madaktari: siku tatu za kulala msibani, hitma, arobaini, kuanua matanga. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, wanawake wanapika kwa zamu, wanaume wanakesha nje na kahawa. Rambirambi zinaandikwa kwenye daftari kwa jina na kiasi. Mfiwa hana kazi nyingine zaidi ya kufiwa.

Mfumo huo ni mzuri, na una kasoro moja. Umejaa mwanzoni na mtupu baadaye. Nguvu zote za mtaa humwagwa katika siku za kwanza, wakati mfiwa bado ameduwaa na hajui hata kimetokea nini. Siku ya 41 turubai liko kwa watu wengine. Hapo ndipo shauku inapoanza kuuma, na hapo ndipo anapoambiwa ajikaze, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba kulia sana ni kukosa imani. Haya mawili ya mwisho husemwa kwa nia njema na watu wasiokumbuka vitabu vyao wenyewe. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu, na mwaka aliofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa katika historia ya Uislamu mwaka wa huzuni. Kwa Wakristo, Yesu alimlilia Lazaro.

Kisa cha Yakubu na mwanawe aliyepotea kinafaa zaidi kwa watu wa ziwani. Biblia inasema alikataa kufarijiwa. Kurani inasema macho yake yalipofuka kwa huzuni. Lakini Yakubu hakuwa na maiti ya kuzika. Aliletewa nguo yenye damu tu. Hali hiyo ya kufiwa bila kujua kama umefiwa, mtafiti wa Marekani Pauline Boss ameiandikia tangu miaka ya 1970, na ziwa Tanganyika huizalisha kila wakati. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 pale linapozidi. Mtumbwi ukizama usiku wa upepo mkali, wengine hupatikana na wengine hawapatikani. Nyumba ya asiyepatikana inabaki katikati: kutangaza msiba ni kama kumuua kwa mdomo, kutotangaza ni kuishi bila arobaini. Mke hajui kama ni mjane. Mtoto anakua huku mama yake akiacha komeo la mlango wazi.

Ng'ambo nako kumeleta wengi wa namna hiyo. Mwishoni mwa 1996 vita vya Zaire viliwavusha maelfu ya watu hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mei 2015 ilikuwa zamu ya Warundi: makumi ya maelfu walirundikana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko mwembamba chini ya milima mikali mpakani, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini. Kipindupindu kikazuka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maiti wa kipindupindu haoshwi na ndugu wala halazwi sebuleni akaagwa; huzikwa haraka na watu waliovaa glavu. Afya ya umma ilihitaji hivyo. Aliyemleta mama yake kwa miguu kutoka Burundi akaishia kutojua amelala wapi, huyo nafasi ya kuaga imempita.

Na je, wote walionyang'anywa mazishi huvunjika? La. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Susanne Schaal walichapisha matokeo ya mahojiano na yatima na wajane 400 walionusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Zaidi ya miaka 10 baada ya 1994, asilimia nane walikuwa na majonzi ya muda mrefu. Asilimia nane ni wengi ukifikiria miaka iliyopita. Ni wachache ukifikiria walichokiona.

Upo ukaribu mwingine ambao mila haiupi kiti msibani. Pale Ujiji, kwenye makumbusho yenye miembe, mgeni huelezwa jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Huelezwa kidogo zaidi juu ya Susi, mtumishi wa Livingstone aliyemkimbilia Stanley kumlaki. Yeye na mwenzake Chuma walikuwa wakifahamiana na Livingstone tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860. Alipofariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, leo Zambia, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kaliko na magome, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Unyanyembe, jirani na Tabora, walimkuta afisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wauzike pale pale. Wakakataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na katika msafara wote ule aliyekuwapo kanisani ni kijana mmoja, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, wakatumiwa kueleza yaliyoandikwa kwenye shajara za marehemu.

Wafiwa wa namna ya Susi na Chuma wako kila mtaa wa Mwanga na Gungu. Binti wa kazi aliyemuuguza bibi kizee kwa miaka mitano, akambadilisha nguo na kumlisha uji, siku ya msiba anaonekana jikoni akiosha masufuria. Hakuna anayempa pole. Mwenza asiye wa ndoa husimama nyuma ya umati. Baharia aliyevua na mwenzake usiku kwa usiku, karabai moja, wavu mmoja, huitwa rafiki wa marehemu tu. Mama aliyejifungua mtoto mfu huambiwa atapata mwingine. Kwa kuwa hawakuhesabiwa siku ya kwanza, hakuna atakayewakumbuka mwezi wa sita.

Tiba ipo, na si ya ajabu. Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alibuni matibabu ya mazungumzo ya vikao 16 ambamo mfiwa husimulia kifo kilivyotokea, tena na tena, hadi simulizi lipungue makali, na wakati huo huo hupanga mambo ya mbele, hata madogo. Katika jaribio lake lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 395, zaidi ya wanane kati ya 10 waliopata matibabu hayo walipata nafuu. Dawa ya sonona aina ya citalopram ilisaidia dalili za sonona ikiandamana na mazungumzo, lakini haikuyagusa majonzi yenyewe. Hilo ni la kuzingatiwa na wanaokimbilia vidonge vya usingizi dukani.

Vikao 16 na mtaalamu ni ndoto kwa mtu wa vijiji kama Buhingu au Kalya, na hapa mfano mzuri unatoka nyumbani. Katika eneo la Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Washington pamoja na wenzao wa hapa waliwafundisha washauri wa kawaida, wasio madaktari wala wanasaikolojia, kuendesha vikao 12 vya vikundi na vichache vya mtu mmoja mmoja kwa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Jaribio kubwa, lililotolewa mwaka 2020, lilihusu watoto 640 waliokuwa na dalili za kiwewe. Vikao vilipokwisha, watoto wa mjini na vijijini Bungoma na wale wa Moshi mjini walikuwa na hali bora kuliko wenzao wasiopata vikao. Vijijini Moshi tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki Kenya tu, ambako watoto walikuwa na njaa zaidi na walezi wagonjwa zaidi. Matokeo hayo hayafai kwa matangazo. Yanafaa kwa kupanga kazi, kwa sababu yanaonyesha kwamba mtu aliyefundishwa vizuri mtaani anaweza kufanya kazi hii, na kwamba waliobanwa zaidi na maisha ndio walionufaika kwa muda mrefu.

Gombe yenyewe ina kisa kingine kisichosimuliwa sana kama cha Flint. Mwaka 1987 nimonia iliua sokwe kadhaa, na mtoto wa kiume aliyeitwa Mel, wa miaka mitatu hivi, mgonjwa na dhaifu, akabaki bila mama wala kaka. Hakuna aliyetegemea angefika mwisho wa mwaka. Akachukuliwa na Spindle, dume kijana wa miaka kama 12 ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu, na ambaye mama yake naye alikuwa amekufa katika mlipuko ule ule. Spindle alimbeba, akagawana naye chakula, akamwachia nafasi kiotani, akamwondoa mbele ya madume wakorofi. Mel akapona.

Goodall naye alionja msiba. Mumewe wa pili, Derek Bryceson, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Nyerere na kisha mkurugenzi wa hifadhi za taifa, alifariki kwa saratani Oktoba 1980, miaka mitano baada ya ndoa yao. Goodall aliandika baadaye kwamba alirudi Gombe kutafuta nafuu msituni. Alikuwa na mahali pa kurudi na kazi iliyokuwa ikimsubiri, na aliendelea nayo hadi alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara Marekani.

Mwenye jirani aliyefiwa asiishie kwenye arobaini. Mwezi wa sita ampitie tena, hata bila mkono wa rambirambi, akae, amtaje marehemu kwa jina na amwache mfiwa aongee, badala ya kubadili mazungumzo machozi yakitokea. Aulize pia habari za pesa, shamba la michikichi, ada za watoto, maana kupunguza mzigo huo ni kumwongezea nguzo ya pili. Mwaka ukipita na bado mtu hali, hafanyi kazi, anaishi kama anayemsubiri aliyezikwa, apelekwe zahanati, kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Maweni. Na akisema anataka kumfuata marehemu, aende siku hiyo hiyo, asisubiri mwaka. Mhudumu aambiwe tangu mwanzo kwamba mgonjwa huyu alifiwa, alifiwa na nani, na lini. Bila tarehe hiyo ataandikiwa dawa ya kichwa na vidonda vya tumbo.